Kipande cha Katikati

Watu wa Kanyenye, hapa Tabora, watakwambia Tatu binti Selemani ana mdomo. Ni kweli ninao, na sikuuazima kwa mtu. Kwa hiyo habari hii nitaieleza nilivyoiona mimi, na anayejua vingine akaieleze kwenye baraza lake.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, vita vya Hitla vimekwisha miaka michache. Mke wa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alipata magunia ya masweta makuukuu ya askari, ya rangi ya majani makavu, akaona afadhali wanawake wa mjini wayafumue na kufuma upya. Akatafuta mwalimu, akaletwa Josepha, Mnyamwezi wa upande wa Kipalapala, mjane kijana aliyefundishwa kufuma na masista tangu msichana. Mwembamba, mpole, na sauti yake ndogo mpaka umwinamie ndiyo umsikie. Tukapewa chumba nyuma ya maduka, tukawa tunakutana humo baada ya adhuhuri, Waislamu wa mjini na Wakristo wa mashambani, kila mtu na sindano zake mbili.

Mimi kazi yangu ni mikeka. Nasuka ukili, naushona ukili kwa ukili, mkeka unakuwa. Kwa hiyo Josepha alipotueleza ufumaji wake nilielewa kabla ya wengine, na sikuwaficha kwamba nimeelewa. Hakutufundisha kufuma kitu kirefu kutoka chini kwenda juu. Alisema darasa la watu wengi haliwezi kufuma blanketi moja namna hiyo, tutagombana. Alitufundisha vipande. Kila mmoja anafuma kipande chake cha pembe nne. Unaanza na vitanzi vingi sindanoni, kila mstari unapunguza pale katikati, mpaka mwisho kinabaki kitanzi kimoja pembeni, unakifunga. Mwenzako akija haanzi hewani. Anaokota vitanzi kwenye ukingo wa kipande chako, anaendelea hapo hapo na chake. Hakuna kushona. Kipande kinazaa kipande, na blanketi linapanuka kila upande.

"Kila mtu na vitanzi vyake," Josepha alikuwa akisema. "Usimguse mwenzako sindano. Mikono hailingani, huyu anakaza, huyu analegeza. Mkichanganya, kazi inaharibika."

Kipande cha kwanza, kile cha katikati, alikifuma mwanangu Batuli, kwa sababu ndiye aliyekuwa mwepesi wa mkono. Ubavu mmoja nikaokota mimi mama yake. Ubavu wa pili Flavia, wa tatu Benedikta, na wa nne Eustadia, mcheshi mmoja wa mashambani aliyetuchekesha mpaka tukapoteza vitanzi. Wengine wakaendelea kuzunguka nje.

Batuli ni mtoto wangu wa pekee. Mumewe, Mabruki, alikuwa seremala, kijana mwema lakini hasira zake ziko karibu. Walikwisha kuzika watoto wawili, na wote wawili walizaliwa kimya. Siku zile alikuwa na mimba ya tatu, kubwa, na mimi nilikuwa sina jambo jingine duniani. Akikohoa, nakohoa. Akichelewa kutoka chooni, natuma mtu. Nilimtaka yule mtoto alie, na nilimtaka mama yake awepo kumsikia.

Sasa ndipo penye neno lenyewe. Josepha alitaka baada ya blanketi kila mmoja ajifumie sweta, na tepu ya kupimia hatukuwa nayo. Kabla hatujaanza kipande hata kimoja, akachukua uzi wa sufu aliokwisha kuutia rangi nyekundu, akatupima mmoja mmoja, begani mpaka nyongani, akaukata. Alipofika kwa Batuli akauzungusha na tumboni. "Huyu tunawapima wote wawili," akasema, kwa mapenzi tu, huku akitabasamu.

Kwetu sisi aliye hai hapimwi kwa uzi. Anayepimwa kwa uzi ni maiti. Waoshaji wakimaliza, uzi unanyooshwa kutoka utosini mpaka kisiginoni, unakatwa, wanaume wanakwenda nao makaburini wakapimie mwanandani, lile shimo la ndani la kulazia maiti, na uzi unabaki huko huko na mwenyewe. Fundi wa nguo wa mjini anajua, atakupima kwa shibiri au kwa tepu. Josepha hakulelewa nyumba zetu, angejulia wapi? Nilifungua mdomo nimzuie, lakini Flavia akaruka na maneno, "Mwalimu, unatukatia sanda?" na chumba kizima kikacheka. Batuli akacheka kuliko wote, kashika tumbo. Nami nikaona haya kuwa wa peke yangu nisiyecheka.

Na kwa vile uzi ulikuwa haba, Josepha hakuutupa. Alimwambia kila mmoja aanzie kipande chake kwa uzi wake wa kipimo, ule mwekundu, kisha aendelee na wa kiaskari. Alisema itapendeza, kila kipande kitakuwa na mstari mwekundu ukingoni. Na kweli ilipendeza. Hivyo ndivyo vipimo vyetu sote vilivyoingia ndani ya blanketi moja, vikashikana.

Kisha Eustadia akafa.

Homa ilimkamata mwisho wa juma. Aliyetuletea habari ya ugonjwa alipofika, wa habari ya kifo alikuwa nyuma yake njiani. Tulikwenda kuzika, na pale msibani, wanawake tumekaa chini, bibi mmoja mzee wa Kiislamu akauliza marehemu alikuwa akifanya kazi gani mjini. Wakamweleza. Akatikisa kichwa. "Mlimpima akiwa mzima," akasema, "na uzi wake hamkumrudishia."

Alisema hayo tu. Lakini jioni ile maneno yalikwisha kufika sokoni, na kesho yake yalikuwa yamevaa nguo mpya. Watu walisema vipande vimezaana, basi na kifo kitapita njia ile ile, kutoka kipande hadi kipande, kinakoshikana na kingine. Wakristo waliogopa, Waislamu waliogopa, woga hauulizi mtu dini yake. Na wote waliohesabu walihesabu sawasawa: kipande cha Eustadia kimeshikana na cha Batuli.

Darasa likafa. Josepha alikwenda kukaa peke yake mle chumbani siku kadhaa, mlango wazi, sindano mkononi, na watu wakipita wanavuka kwenda upande wa pili wa barabara. Mimi niliwatukana. Nilisimama dukani nikawaambia kwamba wamekuwa kuku, kwamba homa imeua watu Tabora tangu zama za misafara ya Waarabu na hakuna aliyekuwa na sweta. Nilisema sana. Nikirudi nyumbani nasikiliza Batuli anavyopumua.

Yeye alibadilika. Alikuwa msichana wa kuimba, akanyamaza. Chakula anakigeuza tu sahanini. Siku moja namsuka nywele, akaniuliza, "Mama, uzi wangu uko wapi sasa hivi?"

"Uko kwenye blanketi, kwa mwalimu. Ni sufu ya sweta la askari, Batuli, hata si uzi wako."

"Ulizunguka tumbo langu."

"Hata mkanda unazunguka tumbo lako."

"Mkanda naufungua," akasema. Mimi Tatu mwenye mdomo, nikaendelea kusuka tu.

Uchungu ulimshika alfajiri, nyumbani kwangu, alikokuja kujifungulia. Mwezi ule kabla ya mvua, jua linachomoza tayari kali. Nilimwita mkunga, mwanamke wa siku nyingi asiyekuwa na papara. Akamgusagusa, akampaka mafuta, akangoja. Jua lilipofika juu ya paa la jirani akanivuta ukumbini.

"Mtoto amelala kikingama," akasema. "Nimejaribu kumgeuza, hageuki. Mimi mwisho wangu hapa. Apelekwe hospitali, na apelekwe sasa."

Hospitali si mbali, ukikaza mwendo unafika kabla jasho halijakutoka. Mabruki akakimbia akaleta machela na vijana wa kubeba. Tukaingia chumbani kumchukua. Batuli alikuwa ameshika mguu wa kitanda kwa mikono miwili.

"Sitoki," akasema.

"Mwanangu, mtoto amekaa vibaya."

"Mama, wawili wa kwanza nilikwenda hospitali nikarudi mikono mitupu. Huyu amepimwa. Nikitoka mlango huu na uzi wetu uko kule na wa Eustadia, mtatubeba kwenda, na kurudi mtatubeba vilevile. Niletee uzi wangu nitoke."

Tulimbembeleza. Mkunga akamkemea. Mabruki akajaribu kumbandua vidole, naye akalia sauti ambayo sitaki kuisikia tena, tumbo likajikaza, na mkunga akatufukuza tusimguse kwa nguvu, tutamwua. Nilisimama pale nikamwona mwanangu midomo imempauka, na nikajua kwamba huyu atabaki ameshika mguu wa kitanda mpaka roho imtoke. Hakuwa na wazimu. Alikuwa na hofu tu, na hofu ilikuwa imemshika kwa mikono miwili kama alivyoshika kile kitanda.

Nikatoka mbio. Mtu mzima mimi, kanga ikinianguka, njia nzima. Mabruki akawa nyuma yangu, na mkononi alikuwa na kisu chake cha kazi.

Josepha alikuwa akikaa chumba cha kupanga karibu na soko. Alitukuta mlangoni kwake, akasema "Shikamoo, mama," nami sikuitikia. Nikamweleza. Akaingia ndani, akarudi na blanketi amelipakata. Mabruki akanyoosha kisu.

"Toa nikate."

"Ukikata huo uzi hutaupata mzima," Josepha akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Utatoka vipande vipande. Na vitanzi vya wenzake wote wanne vimeokotwa kwake. Ukikata, vya wote vitakimbia, kimoja baada ya kingine, mpaka nje."

"Vikimbie."

"Mabruki, usikate." Sauti ilitoka nyuma yetu. Ilikuwa ya Flavia. Na Benedikta alikuwa naye, na wengine wanakuja, wengine wamebeba watoto mgongoni. Maneno yalikuwa yameshawafikia kwamba Tatu na mkwe wake wamekwenda na kisu kulikata blanketi. Wanawake ambao hawakutaka hata kupita barabara ya chumba kile, leo wamekuja mbio. Hawakuja kwa ajili ya Batuli, nisiwasingizie wema. Walikuja kwa sababu vipande vyao vilikuwa mle.

"Changu kimeshika cha Batuli," Flavia akasema. Alikuwa analia wazi, yule yule wa sanda. "Kikifumuka cha Batuli, changu nacho kinafumuka. Nina watoto wadogo, Mabruki."

"Mke wangu anakufa," Mabruki akasema. Akamgeukia Josepha. "Na akifa, mwalimu, utanitambua."

Hakuna aliyemtetea. Nami pia sikumtetea. Josepha akaketi pale pale kizingitini, akalitandaza blanketi mapajani.

"Iko njia," akasema. "Cha katikati kinaweza kutoka peke yake. Lakini kila mwenye kipande kinachogusana nacho apitishe sindano kwenye vitanzi vyake, avishike mwenyewe, asiachie. Mimi nitafungua pale alipomalizia Batuli, nitarudi nyuma taratibu mpaka alipoanzia. Litabaki tundu, lakini vyenu havitakimbia. Nilitaka kuwafundisha hili mwisho wa darasa."

"Tukishapitisha sindano, utatufungia kwa uzi?" Benedikta akauliza.

"Ndiyo, napitisha uzi badala ya sindano, mnakuwa huru."

"Uzi mwingine tena?" Benedikta akarudi nyuma. "Haki ya Mungu, hunitii uzi mwingine. Nitashika sindano."

"Basi mshike," Josepha akasema.

Flavia akashika upande wake. Benedikta akashika wake. Mimi nikashika wangu. Ukabaki upande wa Eustadia. Josepha akanyoosha mkono kuchukua sindano ya nne, wanawake wakapiga kelele asiguse, kwamba yeye ndiye aliyempima. Akaurudisha mkono. Akatazama mmoja mmoja. Waliokuwa mbele wakawa nyuma. Kushika vitanzi vya maiti, na njia ya kifo inapita hapo hapo, nani ashike?

Mimi nilikuwa nimesema dukani kwamba wao ni kuku. Sasa nilitazama ule mstari mwekundu wa marehemu, nikaomba Mungu ajitokeze mtu mwingine. Hakujitokeza. Kule nyumbani mwanangu alikuwa ameshika kitanda. Nikachukua ile sindano kwa mkono wa kushoto, nikaanza kuchoma kitanzi kimoja kimoja, na kila kitanzi nasema bismillahi. Kipande changu na chake vilikuwa vinakutana pembeni, kwa hiyo nikaweza kushika viwili, sindano mkono huu na sindano mkono huu.

"Tusifanyie hapa," nikasema. "Twende tukafanyie mlangoni kwake, aone kwa macho yake."

Tukanyanyuka. Hebu fikiri njia ile. Wanawake watatu tumezunguka kitu katikati, tumekishika pande nne, hatua kwa hatua ili mtu asivute, na wengine nje wamebeba pindo lisiburure vumbini, na Josepha yuko kati, na Mabruki mbele na kisu. Wanaume waliokuwa wamekaa mabarazani wakasimama kwa heshima. Mmoja akajiunga nyuma yetu, akauliza kwa sauti ya chini aliyefariki ni nani. Tukaendelea na hatua zetu.

Nyumbani tukasimama mlangoni mwa chumba, mlango wazi. Batuli akageuza kichwa. Mkunga alikuwa amemshika mabega, na macho yake mkunga yakaniambia niharakishe. Josepha akapiga magoti chini yetu, akatafuta ile pembe ambayo Batuli alifungia kitanzi chake cha mwisho, akakifungua, akavuta.

Mistari ya mwanzo ilitoka vizuri. Uzi unakuja umejikunja, anauzungusha vidoleni, kipande kinapungua. Kisha ukafika kwenye ukingo wa Eustadia, ukakwama. Sufu ya masweta yale ilikuwa ya zamani, na ilikuwa imeshikana nywele kwa nywele. Josepha akavuta kidogo. Upande wa marehemu ukanivuta mkono nao, nikauona mkono wangu ukienda.

"Wamwachie mwanangu," nikasema. Sijui nilikuwa nasema na nani.

"Ukikatika?" Flavia akauliza. "Mwalimu, ukikatika je?"

Josepha aliinama, akaweka mdomo pale, akapuliza, akalowesha kwa mate, akatenganisha zile nywele kwa ukucha, moja, nyingine, nyingine. Jasho lilikuwa linamdondoka puani. Batuli alishikwa na uchungu mwingine, safari hii hakupiga kelele, alitoa pumzi tu, na kile kimya kilinitisha kuliko kelele. Nilitaka kumpiga Josepha teke afanye haraka. Nilitaka kumshika miguu aende taratibu. Hatimaye ukaachia. Ukaja mstari baada ya mstari, na mwisho ukatokea ule mwekundu, mzima, umejiviringa, mrefu wa kutoka bega la mwanangu kwenda nyonga na kulizunguka tumbo lake.

Josepha akainuka, akaingia, akampa mkononi. Batuli akautazama, akaufumba kiganjani, kisha mkono wake wa pili ukaachia mguu wa kitanda.

"Nibebeni," akasema.

Vijana walimweka kwenye machela na Mabruki mwenyewe akashika mbele. Sisi tukafuata nyuma. Ungesema si tungeziacha sindano nyumbani, uzi umeshatoka? Na mimi nakuuliza, nani angekuwa wa kwanza kuacha? Flavia alinitazama, nikamtazama. Tukaenda na blanketi letu lenye tundu mpaka hospitali, katika jua lile la saa sita, na Josepha akitufuata, ingawa hakuna aliyemwambia aje. Nadhani aliona kwamba akibaki nyuma, watu watasema amekimbia.

Walimpitisha Batuli ndani. Mlango ukafungwa. Daktari akapita mbio, nesi akapita mbio. Tukakaa chini barazani, pande nne zile zile. Mabruki akasimama ameegemea nguzo, kisu amekitia mfukoni, macho yake kwa Josepha. Hakuyaondoa. Josepha alikaa kwenye ngazi na mikono yake mitupu magotini, na nikaona kwamba anaomba.

Sijui tulikaa muda gani. Najua kivuli cha paa kilituhama tukawa juani na hatukusogea. Benedikta alikuwa na mtoto wa kunyonya, mtoto akawekwa kifuani na mwenzake, akanyonya, na Benedikta hakutoa mkono. Vidole vyangu vilikufa ganzi. Nilikuwa naiangalia ile sindano ya kushoto, vitanzi vya Eustadia vimekaa mstari mmoja, na kila nilipohisi kimoja kinateleza nilikibana kwa kidole gumba. Nilijisemea, Tatu, hii ni sufu. Mwanao yuko ndani na daktari, hii ni sufu ya askari. Nikajisemea hivyo tena na tena, na sikulegeza hata kidole kimoja.

Kisha tukasikia mtoto analia.

Alilia kwa nguvu, kwa hasira, mlio wa mtu aliyeonewa. Mabruki akateleza kwenye nguzo akakaa chini. Flavia akaanza kucheka na kulia pamoja. Mlango ukafunguka, nesi akatokeza kichwa, mikono ameiinua mbele, imelowa.

"Wa kiume, mzima," akasema. "Alikuwa amekaa vibaya sana. Mngechelewa kidogo tu nyumbani, tusingempata yeye wala mama yake. Mama bado tunamshughulikia, kondo la nyuma halijatoka. Ngojeni hapo." Akafunga.

Wanawake wakashusha pumzi. Benedikta akaanza kuinamisha sindano yake aiweke sakafuni. Josepha alikuja akachutama mbele yangu, na uso wake, maskini, ulikuwa kama wa mtu aliyetoka kitandani baada ya ugonjwa mrefu. Akanyoosha mikono.

"Basi, mama," akasema. "Nipe sasa nivifunge. Yamekwisha."

"Usiguse," nikamwambia. "Benedikta, nyanyua sindano yako. Flavia, kaa chini. Hakuna anayeachia. Kondo bado."

Walinitazama, mimi niliyewatukana dukani mchana kweupe. Hakuna aliyecheka. Benedikta akanyanyua sindano. Flavia akakaa. Josepha akarudisha mikono yake, akasogea, akakaa karibu yangu bega kwa bega, na nikamwacha akae.

Nesi alipotoka mara ya pili alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa. Akasema limetoka, lote, na mama ameomba maji ya kunywa. Flavia akaweka sindano yake chini. Benedikta akaweka yake, akamchukua mtoto wake. Mimi nikaviambia vidole vyangu vifunguke, vikakataa. Josepha alilazimika kunifungua kidole kimoja kimoja, akianzia mkono wa kushoto.